Kurasa Pacha: Kwa Nini Bidhaa za Duka Lako Hazionekani Google, na Pa Kuanzia Kurekebisha

Duka linalouza bidhaa za kiwanda cha mtu mwingine huingia Google na upungufu mmoja mkubwa: maelezo ya bidhaa si yake. Betri ya sola ya Ah 200 (ampea-saa 200) inayouzwa Malindi imeandikiwa aya zilezile zilizoko kwa mtengenezaji, kwa msambazaji wa Mombasa, kwa maduka ya Nairobi na kwenye masoko makubwa ya mtandaoni. Mwenye tovuti akiona haonekani, la kwanza analoambiwa ni kwamba Google imempiga adhabu kwa kunakili. Mara nyingi si kweli, na mtu anayetibu adhabu isiyokuwapo huishia kufuta kurasa zilizokuwa na faida.

Google ikikuta kurasa zinazofanana huziweka fungu moja, huchagua mmoja uwe ukurasa mkuu, na huo ndio inaouonyesha. Zilizobaki hazijafungiwa, zimekaa nyuma ya ule uliochaguliwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: pacha wa ukurasa wako yuko kwenye tovuti ya nani? Akiwa kwenye tovuti yako mwenyewe, hiyo ni kazi ya mipangilio na haina gharama. Akiwa kwa mtu mwingine, ni kazi ya kalamu, na hakuna programu ya kuongeza itakayokuvusha.

Pima kabla ya kugusa

Fungua Search Console, kifaa cha bure cha Google kwa wenye tovuti, bandika anwani kamili ya ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu, na usome mistari miwili: ukurasa mkuu ulioutaja wewe, na ukurasa mkuu uliochaguliwa na Google. Hiyo miwili ikitofautiana, tatizo umeshalipata. Kisha chukua sentensi moja ya katikati ya maelezo ya bidhaa, maneno 10 hadi 15, iweke ndani ya alama za kunukuu na uitafute Google. Tovuti zitakazotokea ndizo unazogawana nazo maandishi. Rudia kwa bidhaa tano au sita zinazokuletea pesa zaidi. Usitegemee kuhesabu kurasa kwa kuandika site: mbele ya jina la tovuti, kwa sababu orodha ile haionyeshi kila kilichomo kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi.

Dalili: Google imechagua ukurasa mwingine wa tovuti yako mwenyewe

Hili ndilo jepesi na ndilo linalopuuzwa zaidi. Duka la mtandaoni huzaa pacha lenyewe bila mwenye duka kujua. Tovuti inafunguka kwa www na bila www, kwa http na kwa https. Betri moja imewekwa kwenye makundi mawili, ikapata anwani mbili: /sola/betri-ah200/ na /ofa/betri-ah200/. Mteja akichuja kwa bei au rangi, anwani inaota mkia wa ?panga=bei au ?rangi=buluu. Kiungo kikishabofywa Facebook, kinarudi na mkia wa fbclid. Kwako huo wote ni ukurasa mmoja. Kwa roboti ya Google, yaani programu yake inayopita ikisoma tovuti, kila anwani ni ukurasa wake.

Kwa www na https, chagua sura moja na uelekeze nyingine zote huko kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), moja kwa moja, bila kupitia kituo cha katikati. Kwa bidhaa iliyo kwenye makundi mawili na kwa mikia ya kuchuja, weka kwenye sehemu ya head (mwanzo wa msimbo wa ukurasa) ya kila toleo mstari unaotaja anwani moja safi:

<link rel="canonical" href="https://.../sola/betri-ah200/">

Lebo hii ilikubaliwa na Google, Yahoo na Microsoft mwaka 2009, na mpaka leo watu huichukulia kama amri. Ni pendekezo. Google huilinganisha na ishara nyingine, na zikipingana hujiamulia. Ikiwa canonical inataja /sola/betri-ah200/, lakini menyu, ramani ya tovuti (sitemap, faili linaloorodhesha anwani zako) na viungo vya ukurasa wa mwanzo vyote vinaelekea /ofa/betri-ah200/, usishangae ikichaguliwa ya pili. Hakikisha vyote vinataja anwani ileile, herufi kwa herufi, pamoja na mkwaju (/) wa mwisho.

Makosa manne hujirudia sana hapa. La kwanza ni canonical mbili kwenye ukurasa mmoja: mandhari (sura ya tovuti) ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, inaweka yake, na programu-jalizi (programu ya kuongeza) ya SEO, yaani ya kusaidia kuonekana kwenye utafutaji, inaweka yake. Zikitofautiana, Google huelekea kuzipuuza zote. Fungua chanzo cha ukurasa, tafuta neno canonical, na lazima litokee mara moja tu. La pili ni kuzuia kurasa pacha kwa robots.txt, faili linaloiambia roboti isipite wapi. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kusoma canonical wala noindex (agizo la kutouweka ukurasa kwenye faharasa) iliyo ndani, hivyo umeficha dawa pamoja na ugonjwa. La tatu ni kuelekeza ukurasa wa 2, wa 3 na wa 4 wa orodha ya bidhaa kwenye ukurasa wa 1. Orodha hizo si pacha, zina bidhaa tofauti, kwa hiyo kila moja ijitaje yenyewe. La nne ni kuweka noindex na canonical kwenye ukurasa uleule. Ishara moja inasema usahaulike, nyingine inasema uunganishwe na mwenzake. Chagua moja.

Ukikuta mwongozo unaokutuma kwenye kifaa cha vigezo vya anwani ndani ya Search Console, ujue ni wa zamani. Kifaa hicho kiliondolewa mwaka 2022.

Dalili: Google imechagua ukurasa wa mtengenezaji au wa duka jingine

Hapa ndipo duka la kuuza bidhaa za wengine linaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi.

Canonical haisaidii. Ukiielekeza kwa mtengenezaji umemkabidhi nafasi yako kwa hiari, na ukijitaja mwenyewe bado maandishi ni yake na tovuti yake ina uzito zaidi. Kubadilisha maneno kwa visawe, au kuyapitisha kwenye programu inayoyapanga upya, hakuongezi kitu kwa msomaji, kwa hiyo hakuongezi sababu ya kuchaguliwa. Kinachosaidia ni kile ambacho kiwanda hakiwezi kuandika: bidhaa hii ikifika hapa pwani inakuwaje.

Chukua hiyo betri ya gel ya volti 12, Ah 200. Maelezo ya kiwanda husema ina uwezo mkubwa na maisha marefu. Mteja wa Mambrui au Shela anataka kujua itawasha nini usiku. Mfanyie hesabu palepale kwenye ukurasa. Volti 12 mara Ah 200 ni wati-saa 2,400. Betri ya aina hii ikizoeshwa kushushwa chini ya nusu hufa mapema, kwa hiyo zinazotumika ni 1,200, na kibadilishi umeme kinakula sehemu yake, zinabaki kama 1,000. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5 ni 175. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Ruta ya wati 10 kwa saa 12 ni 120. Jumla 935, usiku umepita. Friji haimo, na useme hivyo waziwazi, kwa sababu hilo ndilo swali linaloulizwa WhatsApp kila siku.

Ongeza joto. Betri za madini ya risasi, za gel zikiwemo, hupimwa kwa nyuzi 25, na kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya hapo hupunguza maisha yake karibu nusu. Chumba cha bati kisicho na dirisha Malindi mwezi wa Februari kinapita hapo kwa mbali. Andika iwekwe wapi: kivulini, penye hewa, isigusane na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Ongeza chumvi: vituo vya betri (ncha za kufungia waya) vipakwe grisi, na ukiuza paneli pamoja nayo, taja kama mtengenezaji ameipima kwa kiwango cha IEC 61701 cha ukungu wa chumvi. Taarifa hiyo imo kwenye karatasi ya vipimo, lakini muuzaji wa Nairobi hana sababu ya kuitoa mbele.

Kisha usafiri. Betri ya gel ya ukubwa huu huwa na kilo 55 hadi 60. Kwa mteja wa Lamu hiyo ni safari ya barabara mpaka Mokowe, kisha boti, kisha punda au mkokoteni kutoka gatini. Eleza nani anapokea Mokowe, nani analipa hamali, na mzigo unachelewa kiasi gani bahari inapochafuka wakati wa kusi. Hizo aya tatu haziko kwenye tovuti nyingine yoyote duniani, na anayezihitaji yuko tayari kununua.

Pampu ya maji nayo ni hivyohivyo. Kiwanda kinataja nguvu za farasi na lita kwa dakika. Wewe sema kwamba pampu ya kukaa juu ya ardhi haivuti maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 au 8 hata iwe kubwa vipi, kwa hiyo kisima kirefu kinataka ya kuzamishwa. Sema pia kwamba visima vya karibu na ufuo vina chumvi, na chuma cha pua cha daraja la 316 huivumilia kuliko cha 304.

Jedwali la vipimo la mtengenezaji liache lilivyo. Volti na kilo haziandikwi upya, na mteja anazihitaji. Liweke chini ya maelezo yako. Aya za dhamana na marejesho zinazojirudia kwenye kila ukurasa zifupishe ziwe sentensi mbili na kiungo. Si kosa kuzirudia, ila zikizidi maneno yako mwenyewe ukurasa unakosa uso. Piga picha zako: lebo ya nyuma, vituo, betri ikiwa kando ya kitu kinachojulikana ukubwa wake. Zipunguze ziwe chini ya kilobaiti 150 kila moja, kwa sababu wateja wengi wanafungua kwa simu na bando dogo. Google nayo hutumia toleo la simu kupima ukurasa, hivyo maelezo uliyoyaondoa kwenye simu ili ukurasa uwe mwepesi ni kama hukuyaandika.

Anza na bidhaa 20 zenye faida, uziandike vizuri, kabla ya kuzigusa nyingine zote. Maneno 300 yenye hesabu na majina ya mahali yana thamani kuliko 1,000 ya sifa.

Dalili: roboti imeupitia ukurasa lakini haikuuingiza kwenye faharasa

Hapa hakuna pacha anayetajwa. Google imeusoma na ikaona haukuongeza kitu. Chanzo cha kawaida ni katalogi ya msambazaji iliyomwagwa yote kwenye tovuti: bidhaa 3,000, na dukani ziko 80. Ukurasa wenye jina la bidhaa, picha ya kiwanda na kitufe cha kuulizia bei hauna cha kuonyeshwa.

Toa usivyoviuza. Vile unavyoweza kuagiza lakini huna stoki, viweke kwenye ukurasa mmoja wa kundi wenye jedwali, na kurasa zake moja moja uzitie noindex mpaka utakapokuwa na la kusema. Kurasa za lebo (tag) ambazo WordPress hujitengenezea, zenye bidhaa moja au mbili kila moja, zitie noindex pia. Ramani ya tovuti ibaki na anwani unazotaka zionekane tu. Inaruhusiwa kubeba hadi anwani 50,000, ila ruhusa hiyo si sababu ya kuijaza.

Bidhaa zinazotofautiana kwa saizi tu, mfano paneli za wati 100, 150 na 200 za mfululizo mmoja, ziweke ukurasa mmoja wenye chaguo. Zitenganishe pale tu ambapo kila saizi ina wateja wake na una maneno tofauti ya kuwaambia.

Dalili: kurasa za miji zinapigana zenyewe kwa zenyewe

Ukurasa wa "sola Malindi" umenakiliwa ukawa "sola Watamu", "sola Mambrui", "sola Ngomeni", "sola Lamu", jina la mji tu ndilo limebadilika. Kwa muda mmoja mmoja unapanda, halafu zote zinashuka. Hizi ni pacha, tena Google ina sera mahususi dhidi ya kurasa za mlango, yaani kurasa zilizotengenezwa ili kunasa jina la mji na kumpeleka mtu palepale.

Zibakize mbili: Malindi, ambako duka lipo, na Lamu, ambako usafirishaji ni jambo lingine kabisa. Watamu na Mambrui ziwe vichwa vidogo ndani ya ukurasa wa Malindi, na gharama ya kupeleka na siku ya kupeleka. Anwani za zamani zielekeze kwa 301. Ukurasa wa Lamu uandikwe upya wote: gati, boti, fundi wa kufunga yuko upande gani, na kwamba paa za makuti hazibebi paneli bila fremu yake yenyewe.

Dalili: ukurasa wa Kiswahili hauonekani, wa Kiingereza au Kiitaliano ndio unaotokea

Malindi ina wateja wanaosoma Kiitaliano, na maduka mengi ya huko yana lugha tatu. Tafsiri si nakala pacha. Google huziona pacha pale ambapo menyu imetafsiriwa lakini maelezo yenyewe yamebaki Kiingereza, na maduka mengi yako hivyo.

Kosa kubwa la pili ni canonical ya ukurasa wa Kiswahili kuelekezwa kwa wa Kiingereza. Hapo umeiambia Google isiuonyeshe wa Kiswahili. Kila lugha ijitaje yenyewe kwenye canonical, kisha zitajane zote kwa hreflang, lebo inayotaja lugha ya kila toleo: hreflang="sw", hreflang="en" na hreflang="it". Kutajana lazima kuwe kwa pande zote: wa Kiswahili ukimtaja wa Kiitaliano na wa Kiitaliano usimtaje wa Kiswahili, ishara inapuuzwa. Usiwaachie watafsiri wa mashine wakaweka kurasa mia mbili bila mtu kuzisoma. Kiswahili cha aina hiyo kinafukuza mteja, na kurasa za wingi zisizo na faida kwa msomaji ni kitu ambacho sera za Google za Machi 2024 zinakilenga wazi.

Dalili: ukurasa umo kwenye faharasa, lakini uko mbali

Hapa upacha umekwisha, umebaki ushindani. Huwezi kulishinda soko kubwa la mtandaoni kwa jina la modeli peke yake, na si lazima. Ingia kwenye ripoti ya utendaji ya Search Console, chuja ukurasa mmoja, na usome maneno ambayo watu waliandika. Utakuta "betri ya sola bei malindi", "pampu ya kisima cha maji ya chumvi", "sola lamu usafiri". Hayo ndiyo yaingie kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye vichwa vidogo, yakifuatwa na jibu. Kichwa cha kiwanda chenye herufi na namba 20 kibaki ndani, kwa anayetafuta modeli.

Weka data yenye mpangilio (msimbo unaoieleza Google kilichomo kwenye ukurasa) ya aina ya Product: bei kwa KES, iko au haiko, namba ya bakodi ya kiwanda. Bei iliyo kwenye data ilingane na inayoonekana. Dai la upatikanaji lisilo la kweli linaweza kuondoa bei kwenye matokeo.

Bidhaa imeisha au imeacha kutengenezwa

Ikiwa itarudi, ukurasa ubaki na useme imeisha. Ikiwa modeli mpya imechukua nafasi yake, elekeza kwa 301 kwenye modeli hiyo. Ikiwa hakuna mrithi, acha ijibu 404 (haupo) au 410 (umeondolewa). Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo hakufai, kwani Google huzihesabu kama kurasa zisizokuwapo, na mteja aliyetafuta pampu anajikuta mbele ya salamu.

Maandishi yako mapya yanatokea kwa wengine

Mara nyingi umeyapeleka mwenyewe: maelezo uliyoyaandika vizuri umeyabandika pia kwenye Jiji, soko la matangazo la mtandaoni, na kwenye kurasa za matangazo zenye nguvu kuliko tovuti yako. Huko weka sentensi mbili, bei na kiungo. Maelezo kamili yakae nyumbani kwako, na yatangulie kwako: chapisha, omba ipitiwe kupitia kisanduku cha ukaguzi, ndipo utangaze. Aliyenakili bila ruhusa mwandikie kwanza. Asiposikia, Google ina fomu ya kuripoti ukiukaji wa hakimiliki, na inataka anwani ya ukurasa wa asili na ya nakala.

Wageni wameporomoka ghafla

Kwenye Search Console fungua sehemu ya hatua zilizochukuliwa na wakaguzi (Manual actions). Ikiwa tupu, hakuna adhabu iliyotolewa na mkaguzi. Rudi kwenye dalili za juu, ukianza na canonical, kwani sasisho la mandhari au programu-jalizi linaweza kuzibadilisha zote kwa usiku mmoja. Ikiwa imeandikwa kwamba tovuti ina maudhui yaliyochotwa kwa wengine au yasiyo na thamani, toa kurasa hizo kwanza, zote, kisha omba ukaguzi upya ukitaja ulichoondoa, ulichoandika upya na mifano ya anwani. Ombi linalotumwa kabla ya kazi kukamilika hukataliwa. Marekebisho ya kawaida, yasiyo na adhabu, huchukua siku chache hadi wiki kadhaa kuonekana. Katika muda huo usibadilishe anwani tena.